"Niña, huu mti kwenu upo?"

Watoto wa Costa Rica humwita mwalimu wao wa kike niña, yaani binti mdogo. Nilifika Turrialba mwaka 2015 nikiwa na miaka 34, nimewaacha wanangu wawili Matombo, Tanzania, kwa mama yangu, na kwa miaka mingi nilikuwa nimezoea kuitwa mama fulani. Jumamosi ya kwanza darasani vitoto vya miaka kumi vikaanza kupiga kelele, "Niña! Niña!" Nikageuka nyuma kumtafuta huyo binti anayeitwa. Nyuma yangu palikuwa na ubao tu.

Kilichonipeleka kule ni masomo ya uzamili CATIE, kituo cha kilimo na misitu ya tropiki ambacho asili yake ni mwaka 1942. Utafiti wangu ulihusu miti ya kivuli kwenye kahawa, hasa poró, ndugu wa mbamba ngoma wetu. Wakulima hupunguza matawi yake mara mbili kwa mwaka na kuyaacha yaozee chini ya mibuni. Tasnifu ipo maktaba, anayeitaka ataisoma. Hapa nasimulia Jumamosi tu.

Kihispania changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chumvi mezani. Mwalimu wetu wa lugha akanishauri nikasome na watoto, kwa maelezo kwamba mtu mzima atakuvumilia ukikosea, mtoto atakucheka palepale na hutarudia kosa. Kulikuwa na shule ya msingi kijijini, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka tulikokaa, na walimu wake walikuwa wameanzisha kikundi cha kusoma habari za mazingira na misitu. Watoto kumi na wanne, wengi wa darasa la tano na la sita, kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Wakinipa kahawa na mkate, mimi nawapa masaa mawili. Nikajiona nimepata mteremko.

Vijitabu tulivyotumia vilikuwa msaada kutoka mbali, boksi zima, karatasi nzuri, picha za rangi. Viliandikwa kwanza kwa Kiingereza huko kaskazini kisha vikatafsiriwa. Kihispania chake kilikuwa safi, tena safi kuliko changu, na sayansi yake ilinyooka. Nasema hivi mapema ili nisije nikaonekana nawasema watu waliotoa bure.

Tukaanza na sura ya umri wa mti. Kijitabu kilieleza kwamba mti hukua haraka majira ya kuchipua, hupunguza mwendo majira ya joto yakiisha, na wakati wa invierno, yaani majira ya baridi, hulala kabisa. Pale unapolala ndipo panapobaki mstari mweusi. Hesabu mistari, umepata miaka.

Mvulana mmoja mwenye pengo la meno ya mbele akainua mkono. "Niña, hiki kitabu kimekosea. Invierno ndiyo kila kitu kinaota."

Wenzake wakaafiki. Mimi nikafungua kinywa nimsahihishe, nikakifunga. Costa Rica invierno ni mvua. Inaanza Mei, inakwenda hadi Novemba, na kinachobaki wanakiita verano, kiangazi, ingawa Turrialba hata hicho kiangazi mvua haikatiki vizuri. Kwa mwaka zinanyesha zaidi ya milimita 2,500. Kwa mtoto wa pale, kumwambia mti unalala wakati wa invierno ni sawa na kumwambia mtoto wa Matombo kwamba mahindi hukauka masika. Na sisi tunayo hayohayo. Nimeshika vitabu vya Kiswahili vinavyoita vuli yale majira ya Ulaya ambapo majani hupukutika. Mwanangu anajua vuli ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, na kitu kinachopukutika kwa wingi wakati huo ni mchwa wenye mabawa chini ya taa.

Nikawaambia tuache kitabu, twende nje tukahesabu wenyewe. Nyuma ya shule kulikuwa na kisiki cha higuerón, mti wa jamii ya mkuyu, umekatwa miezi michache kabla kwa sababu mizizi yake ilikuwa inainua sakafu ya choo. Ilikuwa 2016, mwaka ambao volkano ya Turrialba ilikuwa ikitema majivu kila ikijisikia, na kile kisiki kilikuwa na vumbi la kijivu kama kimepakwa saruji. Tukakiosha kwa ndoo mbili. Nikawafundisha kupiga msasa, wa kukwaruza kwanza kisha ule laini, mpaka uso wa mti ukawa kama meza. Kazi ile peke yake ilimaliza nusu saa, na walipigania msasa kama pipi.

Mistari ikatokea, mingi, myembamba, ya rangi ya maziwa. Wakagawana: wawili wanahesabu, mmoja anachoma pini kila wakifika kumi. Kundi la kwanza likapata 143. La pili 160 na kitu. Wakaanza kugombana nani kakosea, huku mimi nikiwatuliza kwamba mti mkongwe hivi, tofauti ndogo si hoja.

Babu mmoja, mlinzi wa shule, alikuwa ameegemea uzio anatutazama muda wote. Akauliza tunafanya nini. Watoto wakamweleza kwamba mti ule una miaka zaidi ya mia moja na arobaini. Babu akacheka mpaka akavua kofia. Akasema ule mti ameuchomeka yeye mwenyewe kwa mkono wake, ulikuwa nguzo ya ua, baada ya tetemeko la Limón kuangusha ua wa zamani. Tetemeko la Limón lilikuwa Aprili 1991. Miaka ishirini na mitano.

Mimi, mhitimu wa misitu, niliyekwisha kufanya kazi wilayani miaka saba na kupima miti isiyo na hesabu, nilisimama pale na msasa mkononi.

Nilijua, ndiyo kinachouma. Nilifundishwa chuoni kwamba miti mingi ya maeneo yenye mvua mwaka mzima haiweki pete za mwaka zinazosomeka, kwa kuwa hakuna msimu unaoilazimisha isimame. Nilifundishwa pia kwamba jamii ya mkuyu ina mikanda ya tishu laini ndani ya mbao, stoo ya wanga, na kwa macho inafanana na pete. Yote hayo yalikuwa kichwani. Lakini nilikuwa na kitabu mkononi chenye picha ya mwaloni na mistari yake mizuri, nikaiamini picha kuliko nilichosoma. Nafikiri ni kwa sababu hata nilichosoma nilikuwa nimekisoma kwa ajili ya mtihani.

Watoto hawakukata tamaa hata kidogo. Walifurahi kupita kiasi kuona kitabu, niña na makundi yote mawili tumeanguka pamoja. Swali lao lilikuwa hili: kama huu hauna pete, upi unazo?

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa fundi seremala mjini. Nilimwomba kipande cha mbao ya cedro iliyotoka Guanacaste, upande wa Pasifiki, ambako kiangazi kinakaa miezi mitano mpaka sita na mti huo hupukutisha majani yote. Alikuwa na kipisi cha mwisho wa gogo. Akakipitisha randa mara mbili mbele yetu, na ile harufu ikatoka.

Sijui niielezeje kwa asiyeijua. Ni tamu na kali kidogo, kama pilipili manga iliyokaa kwenye sanduku la nguo. Ndiyo sababu sigara za Cuba huwekwa kwenye visanduku vya mbao hii. Lakini mimi sikufikiria sigara. Nilifikiria kitanda cha mama yangu Matombo, na fremu za madirisha ya nyumba yetu, na siku ambazo mjomba alikuwa anaranda uani nasi tunachezea maranda yaliyojikunja kama nywele. Sedrela! Kwetu mafundi wanaiita sedrela. Miaka yote nimelala juu ya mti wa watu hawa.

Pete zilikuwa wazi. Kila mwaka unaanza na safu ya matundu makubwa, kisha yanadogoka, halafu tena makubwa. Ukiwa na lenzi ya mkononi unaona kama vidirisha vilivyopangwa. Tukahesabu 41, makundi yote mawili yakapata 41, na ukumbi wa fundi ukalipuka kwa shangwe kama kafunga mtu goli.

Katika furaha ile nikawaambia, "Huu mti kwetu upo. Mama yangu analalia kitanda chake."

Kukawa kimya. Kisha yule mwenye pengo: "Niña, kwani kitabu hakikusema uko hatarini?"

Kilisema. Kulikuwa na ukurasa mzima wa cedro, ulioongezwa na watafsiri ili kijitabu kiwe na mti wa nyumbani, jambo jema. Na ulisema kweli. Mti huu umewindwa kwa mbao tangu enzi za Wahispania, na ukijaribu kuupanda mwingi shambani kule, anakuja nondo mmoja, Hypsipyla grandella, kiwavi chake kinatoboa ncha inayokua. Ncha ikifa mti unatoa matawi mawili matatu ya pembeni, ukawa kichaka badala ya nguzo. Watafiti wa Turrialba wamehangaika na mdudu huyo miaka mingi. Ndiyo maana mti wa mbao ghali hivi haujajaza mashamba ya miti ya Amerika ya Kati. Kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, umewekwa kati ya ile iliyo hatarini kutoweka.

"Kwenu pia uko hatarini?"

Hapo ndipo ilipobidi niwaeleze Kimboza.

Kimboza ni msitu mdogo wa hifadhi chini ya milima ya Uluguru, hektari 400 hivi, umekaa juu ya mawe ya chokaa yenye ncha kama visu. Kwetu si mbali. Ndani yake yupo mjusi mdogo, urefu wa kidole, dume lake ni la buluu, buluu hasa, kama plastiki ya jagi. Anaishi kwenye mikadi, kati ya yale majani marefu yenye miiba, na hapatikani popote duniani nje ya Kimboza na vimisitu vichache vya jirani. Watu wa ng'ambo walimpenda wakamnunua kama pambo la nyumbani, na vijana wakawa wanakata mikadi ili wamkamate. Mwaka huohuo 2016 nchi zilikutana Johannesburg zikamwekea marufuku ya biashara.

Na ndani ya msitu huo, sedrela. Ilipandwa kwa majaribio kabla sijazaliwa. Yule nondo wa Amerika hakusafiri nayo, na binamu yake wa Afrika anapendelea mkangazi. Mbegu za sedrela zina bawa, upepo unazibeba, zinaangukia penye mwanga, zinaota haraka kuliko miti ya wenyewe. Leo unatembea Kimboza sehemu nyingine ukidhani uko Guanacaste. Kwa watu wa hifadhi pale, kukata sedrela ni kuokoa msitu.

Nilieleza haya kwa Kihispania cha kuchechemea, nikichora ubaoni kwa fundi kwa chaki ya kupimia mbao. Nilipomaliza msichana mmoja, mpole, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza polepole: "Kwa hiyo kule ni mbaya?"

Nikajibu ndiyo. Kisha nikasema hapana. Kisha nikasema mti si mbaya. Nikaona sura zao zinanikimbia moja moja.

Aliyeniokoa ni fundi. Alikuwa anafagia maranda, akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye na shemeji yake ni hivyohivyo: kwao Limón ni mtu wa watu, akija hapa kwake mwezi mmoja nyumba inakuwa ndogo. Watoto wakacheka. Wakaelewa. Mimi na shahada zangu tukapanga foleni nyuma ya shemeji wa fundi.

Wiki ile nilikaa maktaba nikitafuta mfano wa upande wa pili, mti wetu uliokwenda kwao. Sikuhitaji kwenda maktaba. Nje ya kanisa la kijiji kulikuwa na mti wenye maua mekundu ya moto, wanauita llama del bosque, mwali wa msituni. Nilikuwa nimeupita kila Jumamosi kwa mwaka mzima bila kuutazama, kwa sababu ulinizoelea. Ulikuwa kibobakasi. Mti wa Afrika, wa kwetu kabisa.

Nilikuja kuutambua baada ya kulowa. Natembea na mkoba wangu, maji yakanipiga shingoni, nikasikia vicheko nyuma ya ukuta. Vichipukizi vya maua ya kibobakasi vina maji ndani. Ukivunja ncha na kubana, yanaruka kama bastola ya plastiki. Nilikuwa bingwa wa mchezo huo nikiwa darasa la tatu. Nikaokota kimoja, nikabana kwa kidole gumba kama tulivyokuwa tukifanya, nikampata yule mwenye pengo puani. Hakuamini. Tangu siku ile heshima yangu ilipanda kuliko ambavyo ingepandishwa na sayansi yoyote.

Nilipowaambia mti ule umetoka Afrika, walikataa. Uko kanisani, niña, bibi zetu wameukuta. Nikawaambia na mihogo ya bibi yangu imetoka bara lenu, na yeye pia atakataa. Tulibishana hivyo hadi saa tano.

Baadaye nikawasimulia Puerto Rico, wanakozungumza Kihispania kama wao. Kisiwa kile kililimwa miwa, kahawa na tumbaku mpaka karibu msitu wote ukaisha. Katikati ya karne iliyopita watu waliacha mashamba wakaenda viwandani na ng'ambo, na ardhi iliyochoka ikabaki. Aliyeivamia ni kibobakasi. Wataalamu wengi wanauhesabu kati ya mimea vamizi mibaya kabisa duniani. Lakini Ariel Lugo, mwanaikolojia wa pale Río Piedras, kwenye taasisi ya misitu ya tropiki iliyoanza 1939, ameandika kwa miaka mingi kwamba tusikimbilie kulaani: chini ya kivuli cha vibobakasi vile, kwenye udongo ambao miti ya asili ilishindwa kurudi yenyewe, miti ya asili imeanza kurudi. Mvamizi amekuwa yaya. Nilijaribu kuwauliza watoto kama hoja hiyo ingefaa Kimboza. Yule msichana mpole akasema hapana, kwa sababu Kimboza msitu ulikuwepo tayari, haukuhitaji yaya. Ana miaka kumi na moja. Nimekaa kwenye mikutano ya watu wazima ambayo haikufika hapo.

Niseme kidogo juu yake. Alikuwa Cabécar, watu wa asili wa milima ya Chirripó juu ya Turrialba. Familia yake ilishuka mjini baba alipopata kibarua cha kahawa. Kihispania kwake kilikuwa lugha ya pili, na kile kimya chake, ambacho wengine walikiita aibu, nilikitambua siku ya kwanza. Ni kimya cha mtu anayetafsiri. Nilikibeba mwenyewe kutoka kidato cha kwanza. Shule ya msingi nilijifunza usanisinuru: neno zuri, ukilipasua unaona usanisi, unaona nuru, nusu ya somo imo ndani ya neno. Kidato cha kwanza nikapewa neno jingine la Kigiriki lililopitia Kiingereza, na nikaanza upya kama vile majani yamebadili kazi. Watoto wenzake wale wa Turrialba watasoma fotosíntesis tangu darasa la nne mpaka udaktari wakitaka. Niliwaonea wivu, sitaficha. Yeye na mimi hatukuwa na bahati hiyo.

Kwa hiyo nilipowaambia waandike vijitabu vyao wenyewe, nilimruhusu aanze na majina ya kwao. Alileta karatasi yenye miti kumi na tisa, majina ya Cabécar upande mmoja, Kihispania upande wa pili, na mahali kama saba upande wa Kihispania palikuwa patupu. Hakuna jina. Wenzake walidhani hakumaliza kazi. Mwalimu mkuu alitaka aandike hata jina la Kilatini. Nilisema paachwe patupu, na pakaachwa.

Neno msitu lenyewe lilitushinda wiki mbili. Vitabu vinasema bosque. Watoto nyumbani wanasema montaña, ambayo kwenye kamusi ni mlima, lakini kijijini Costa Rica babu akisema ameingia montaña anamaanisha kwenye miti mikubwa, hata kama ni bondeni. Na monte, ambayo kamusi pia inaiita mlima, kwao ni magugu ya kufyekwa. Kitabu kikiandika monte mtoto anaona panga. Nikawaeleza kwamba sisi tuna msitu, mwitu, pori, nyika na kichaka, na kwamba mtu wa kwetu akisema "kule ni pori tu" ujue hapo kuna mti atakaoukata bila kuwaza mara mbili, wakati penye jina la msitu atauliza kwanza ni wa nani.

Kanuni ya kuandika ilikuwa moja, na niliitoa kwenye aibu ya kile kisiki: kila sentensi inayosema mti unafanya hiki au mdudu anakula kile, lazima iwe na mahali. Wapi? Ukiandika "cedro uko hatarini," mwenzako anayekusikiliza ana haki ya kugonga meza na kupiga kelele, "¿Dónde?" Waligonga meza mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kulalamika.

Kilichotoka hapo hakikuwa kizuri kama vile vya rangi. Karatasi za fotokopi, stepla mbili, michoro ya penseli. Mmoja aliandika juu ya zompopas, sisimizi wakata majani, na akasahihisha kile kijitabu kilichosema wanakula majani: hawayali, wanayapeleka chini kurutubisha kuvu, na kuvu ndiyo chakula. Nikamwambia mchwa wetu wanafanya vivyo hivyo ndani ya vichuguu, na mvua zikianza uyoga unatokea juu nasi tunauchuma. Akaongeza mstari: "Katika Tanzania, mchwa." Mwingine aliandika kwamba baba yake analipwa kwa kutokukata miti. Wenzake walidhani anatania, kumbe ni kweli, nchi hiyo ilipitisha sheria mwaka 1996, na tangu 1997 sehemu ya kodi ya mafuta ya magari inakwenda kwa wenye misitu. Nilipokuja kuwasimulia hilo wazee wa Matombo, mmoja aliniuliza kama nilikuwa naumwa kule.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa 2017. Kwenye begi nilikuwa na kipande cha cedro chenye pete 41, na nakala tatu za kile kitabu cha stepla. Nikaanza Jumamosi zangu hapa, na watoto wa shule iliyo karibu na nyumbani, nikiwatafsiria kurasa za wenzao. Ukurasa wa cedro ndio uliwashangaza kuliko yote. Kwamba kuna watoto mahali fulani wanaopanda sedrela kwenye vikopo, wanaimwagilia, wanailinda na kiwavi! Hapa wanaing'oa. Darasa likagawanyika, wengine wakataka tuwatumie mbegu kwa posta. Tuliandika barua badala yake, nikaipiga picha na kuituma kwa simu kwa mwalimu wa kule. Sentensi moja iliandikwa na mvulana ambaye baba yake ni fundi: "Huku Kimboza mti wenu ni mvamizi, lakini mlango wetu ni wa kwake na haujaliwa na mchwa."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Picha ya yule mwenye pengo, ambalo sasa lilikuwa limeziba, amesimama chini ya llama del bosque ya kanisani akiwa ameshika karatasi. Imeandikwa kwa kalamu nene: "Y este, allá, ¿quién lo cuida?" Na huu, huko kwenu, nani anautunza?

Nikawasomea. Wakatazamana. Mmoja akasema kipo kibobakasi kimoja njia ya kwenda zahanati. Mwingine akasema hapana, kile walikikata wakati wa kupanua barabara, kilichobaki ni kule kwa yule bibi wa ndizi. Wakaanza kubishana, nikawaambia chukueni daftari, twende tukaone.

Kwa bibi wa ndizi kilikuwepo. Kabla sijafungua kofia ya kalamu, maji yalikuwa yameshanipiga sikioni.